Kushusha Mikwaju: Mazoezi ya Gofu kwa Kijana wa Unguja

Gofu huhesabiwa kinyume na michezo mingi: mshindi ni mwenye namba ndogo. Fimbo ikishushwa kwa nia ya kuupiga mpira, mkwaju mmoja umeshahesabiwa, uwe mpira umeruka mita 200 au umeviringika sentimita 20 hadi shimoni. Kijana anayemaliza mashimo 9 kwa mikwaju 65 na anayetamani kufika 52 hahitaji mabega mapana wala fimbo mpya. Ana mikwaju 13 inayovuja, na mingi huvuja mahali pasipopigiwa makofi: karibu na grini (majani mafupi yaliyozunguka shimo), juu ya grini, na vichakani.

Swali linaloulizwa na vijana na wazazi wa Unguja ni lile lile kila mara: mazoezi yatafanyika wapi, ilhali uwanja wa gofu unaojulikana kisiwani ni ule wa mashimo 9 wa hoteli ya Sea Cliff, Mangapwani? Zama za Waingereza gofu ilichezwa Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Mji Mkongwe. Leo Mnazi Mmoja ni pa mpira wa miguu, na kijana wa Malindi au Kikwajuni hana budi kupanda gari ya kwenda Bumbwini, ashuke Mangapwani.

Jibu ni kwamba mazoezi mengi yanayoshusha mikwaju hayahitaji uwanja. Seve Ballesteros, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña kando ya bahari, alijifunza utotoni kwa fimbo moja namba 3, akipiga mipira kwenye mchanga wa pwani ya kijijini. Mwaka 1979, akiwa na miaka 22, alitwaa ubingwa wa The Open, mashindano makongwe kuliko yote ya gofu. Pwani ya Unguja si haba kuliko ya Pedreña.

Kwanza kidaftari

Mazoezi yasiyotanguliwa na hesabu ni kupiga mipira tu. Kabla ya kubadilisha chochote, kijana acheze mizunguko mitatu ya mashimo 9 kama anavyocheza siku zote, na baada ya kila shimo aandike mambo manne:

- mikwaju ya adhabu: mpira uliopotea, ulioingia majini, uliotoka nje ya mipaka;
- mapigo mabovu: fimbo iliyochimba ardhi kabla ya mpira, au iliyogonga kichwa cha mpira ukatambaa;
- mikwaju yote iliyopigwa kuanzia mita 50 hadi mpira kufika kwenye grini;
- misukumo juu ya grini.

Jumla zake ndizo zitakazoonyesha uvujaji ulipo. Mwenye misukumo 23 katika mashimo 9 ana kazi ya kufanya nyumbani, sakafuni. Mwenye adhabu 7 hana tatizo la mikono. Ana tatizo la maamuzi, nalo linatibika kabla ya mzunguko unaofuata. Wengi hupinga hapa, wakisema wanajua udhaifu wao bila kuandika. Wakiandika, hukuta si ule waliodhani, kwa sababu akili hukumbuka pigo la aibu kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia, na kusahau misukumo mitatu ya mita moja iliyokosa.

Shimo moja kwa karibu

Tuseme shimo limewekewa mikwaju 4 na lina urefu wa mita 330. Kijana anachukua draiva, fimbo ya mapigo marefu. Mpira unakata kulia, unaingia kichakani, haupatikani. Huo ni mkwaju wa 1, na wa 2 ni adhabu. Anarudi kwenye tii, anapiga wa 3 kwa woga, mita 170. Wa 4 unakwenda mita 120, zimebaki 40. Wa 5 unachimba ardhi, mpira unasogea mita chache. Wa 6 unapigwa kichwa, unavuka grini. Wa 7 unarudi juu ya grini, mita 6 kutoka shimoni. Wa 8 unapita shimo kwa mita moja na nusu, wa 9 unakosa, wa 10 unaingia.

Mikwaju 10, na kijana anaondoka akilaumu draiva peke yake. Lakini hesabu inasema draiva ilimgharimu 2, mita 40 za mwisho zikamgharimu 2 zaidi, na grini 1. Angetoka kwenye tii kwa fimbo namba 7 inayompa mita 120, akarudia mita 120, angebakiwa na mita 90. Pigo moja la kawaida lingemfikisha kwenye grini, misukumo miwili, jumla 5. Hakuna pigo hata moja la ajabu katika hiyo 5. Kila moja kijana huyo huyo analiweza leo.

Mita moja: kazi ya nyumbani

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Kifuu cha nazi hukaribia kipimo hicho mdomoni. Kichaguliwe kimoja, kipimwe kwa rula, kifukiwe uani mpaka mdomo ulingane na ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa vizuri. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe zisizo na uwanja wa udongo, gilasi iliyolazwa sakafuni inatosha. Ni nyembamba kuliko shimo, na hiyo ni faida.

Zoezi la kwanza ni kuuelekeza mpira. Utandikwe mkeka uliosawazika. Mshono mmoja wa ukili unyookao kutoka kwa mchezaji hadi kwenye gilasi ndio mstari. Mpira uwekwe juu ya mshono, uso wa fimbo ya kusukumia uukate mshono kwa pembe mraba, kisha mpira usukumwe kwa mwendo wa mabega, viganja vikiwa vimetulia. Ukitoka kwenye mshono kabla ya nusu mita, uso wa fimbo ulikuwa umefunguka au umefunga. Mkeka hauna huruma katika jambo hili, na ndiyo sababu unafundisha haraka.

Hatua zenyewe:

1. Misukumo 10 ya nusu mita. Yote iingie ndipo asogee nyuma.
2. Misukumo 10 ya mita moja. Ikiingia chini ya 8, arudi nusu mita.
3. Misukumo 10 ya mita mbili, bila kudai mingi.
4. Kwa wenye nafasi uani: misukumo 10 ya mita 8, lengo likiwa mpira usimame ndani ya mita moja ya shimo, uingie usiingie.

Kijana asivunjike moyo kwa hatua ya tatu. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani, wanaoishi kwa kazi hiyo, huingiza karibu nusu tu ya misukumo ya mita 2.4, na kutoka mita 6 huingiza takriban 15 katika kila 100. Anayekosa mita mbili hajakosea kitu kikubwa. Anayekosa mita moja mara tatu kwa mzunguko ndiye anayetupa mikwaju.

Onyo: grini za pwani si sakafu. Majani ya sehemu za joto hulala upande mmoja, na mpira unaokwenda na majani hukimbia kuliko unaokwenda kinyume chake. Njia rahisi ya kujua ni rangi: upande unaong'aa machoni, majani yamelala kwenda mbele, upande ulioiva rangi, yanamwelekea mchezaji. Asubuhi penye umande mpira huwa mzito. Dakika kumi za kusukuma kwenye grini kabla ya kuanza zinatosha kuhamisha mazoezi ya mkeka kwenda uwanjani.

Pwani, maji yakitoka

Hapa ndipo kijana wa kisiwani anapowazidi wengi wa bara. Mchanga ulioachwa na maji, ungali na unyevu na umeshikana, huandika kila kosa la fimbo. Kwenye nyasi nene fimbo inaweza kuchimba sentimita tatu nyuma ya mpira, ikateleza, na mpira ukaenda vizuri vya kutosha kumdanganya mpigaji. Mchanga haudanganyi. Alama iliyobaki inaonyesha fimbo iligusa wapi, ilikwenda kina gani na ilielekea upande gani.

Zoezi la mstari halihitaji hata mpira kwa kuanzia:

1. Uchorwe mstari kwa ncha ya fimbo, urefu wa mita mbili, ukikata njia ya lengo.
2. Mchezaji asimame mstari ukiwa katikati ya miguu yake, ashike fimbo namba 7 au namba 9.
3. Apige nusu pigo, mikono isipande juu ya kiuno. Alama ya mchangani ianze kwenye mstari au mbele yake kidogo, upande wa lengo.
4. Asogee hatua ndogo kando ya mstari, apige tena. Mara 20.
5. Ahesabu alama zilizoanza nyuma ya mstari. Namba hiyo iandikwe kidaftarini.

Siku ya kwanza ni kawaida alama 14 katika 20 kuanza nyuma. Sababu karibu daima ni moja: uzito wa mwili umebaki mguu wa nyuma, mchezaji akijaribu kuuinua mpira kwa mikono. Fimbo imetengenezwa na mlalo wake wa kuinua mpira. Kazi ya mchezaji ni kuushukia. Uzito ukihamia mguu wa mbele kabla ya fimbo kufika chini, alama husogea mbele zenyewe. Anapofikia alama 5 au pungufu nyuma ya mstari, ndipo mpira uwekwe juu ya mstari.

Mchanga mkavu wa juu ni wa zoezi jingine: kujinasua kwenye mashimo ya mchanga ya uwanjani. Hapo hesabu hubadilika; fimbo ya weji iingie mchangani karibu sentimita 5 nyuma ya mpira, itokee mbele, na mchanga ndio uubebe mpira. Kosa kubwa ni kusimamisha fimbo mara tu inapogusa mchanga. Kijana akumbuke pia kwamba siku ya mchezo sheria haimruhusu kugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira au kwa pigo la majaribio kabla ya kupiga.

Kuhusu wakati: Unguja, siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hutoka kabisa karibu na saa 4 asubuhi, kisha saa husogea kama dakika 50 kila siku. Mwanafunzi wa skuli atafute bamvua zinazoangukia mwisho wa wiki. Siku za maji mafu maji hutoka kidogo, lakini hutoka jioni, na ukanda mwembamba wa mchanga mbichi unatosha kwa zoezi la mstari.

Sasa maonyo, na haya si ya kupuuzwa. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46, ni mgumu, na unaweza kumvunja mtu fupa la uso.

- Pwani yenye watu haipigiwi mpira hata mmoja. Kizingo jioni na Forodhani wakati wowote hapafai. Zoezi la mstari bila mpira ndilo mwisho wake.
- Paje, Bwejuu na Jambiani maji yakitoka ni shamba. Akina mama wako kwenye mwani, wengine wanatafuta chaza na pweza. Kupiga kuelekea kwao, au kukanyaga vigingi na kamba zao, ni kuharibu riziki ya mtu.
- Mpira usipigwe kuelekea baharini kabisa. Haurudi, hauozi, na hubaki kwenye matumbawe.
- Mapigo yabaki mafupi, mita 30 hadi 50, na mipira ihesabiwe kabla na baada. Waliokuja na mipira 12 waondoke na 12.
- Fimbo zisuuzwe kwa maji ya mfereji na kufutwa siku ile ile. Chumvi hula chuma kwa wiki chache.

Ungo na mita 5

Pigo dogo la karibu na grini ndilo linalorudisha mikwaju mingi kwa muda mfupi. Kosa la wanaoanza ni kuliangalia shimo, wakati kinachopaswa kuangaliwa ni mahali mpira utakapotua. Baada ya hapo unaviringika wenyewe.

Uwekwe ungo mkuukuu mita 5 mbele, kwenye majani mafupi ya uwanja wowote wa mtaani asubuhi kabla wachezaji wa mpira hawajafika. Mipira 20 ipigwe kwa fimbo namba 9, itue ndani ya ungo. Kisha mipira 20 kwa weji. Kijana ataona mwenyewe kwamba mpira wa namba 9 unaotua mita 5 huviringika mbali zaidi ya ule wa weji. Tofauti hiyo ndiyo maarifa anayoyahitaji: penye grini ndefu mbele yake atumie namba 9, penye nafasi finyu atumie weji. Na pale mpira ulipo nje kidogo ya grini, majani yakiwa mafupi na makavu, fimbo ya kusukumia ni salama kuliko zote. Vijana huona haya kuitumia hapo. Hakuna safu ya haya kwenye kadi.

Kusi na kaskazi

Uwanja ulio kando ya bahari hauchezwi bila kuujua upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza na masika na kushika nguvu katikati ya mwaka, na mchana upepo wa baharini huongezeka juu ya yote mawili. Aliyezoea kupiga asubuhi tulivu hushangaa saa 9 alasiri namba 7 yake inapokosa mita 20.

Upepo ukiwa usoni, kijana hupiga kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo kosa. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mzunguko huupandisha juu, na juu ndipo upepo unapoukamata. Tiba ni kuchukua fimbo ndefu kwa namba moja au mbili, kushika chini kidogo mpini, kuweka mpira nyuma kidogo kati ya miguu, na kupiga robo tatu ya pigo. Upepo wa ubavuni usipiganwe. Mpira uelekezwe upande unakotoka upepo na uachwe urudishwe. Zoezi lake ni jepesi: mipira kumi jioni moja ya kusi katika uwanja mtupu, mitano kuelekea upepo na mitano ikienda nao, na kuhesabu tofauti kwa hatua.

Siku ya Mangapwani

Siku ya kucheza uwanjani ni ghali kwa nauli, ada na muda. Isitumike kujifunza kupiga. Itumike kujifunza kucheza. Kijana apige simu mapema kuuliza ada, mavazi yanayokubaliwa na saa za kuanza. Kisha ajiwekee hesabu yake mwenyewe: kila shimo aongeze mikwaju 2 juu ya ile iliyowekwa. Shimo la mikwaju 3 kwake ni la 5, la mikwaju 4 ni la 6. Kwa uwanja ambao jumla ya mashimo 9 ni 36, lengo lake ni 54. Ghafla hana sababu ya kupiga draiva kuvuka kichaka.

Sheria chache zikijulikana huokoa mikwaju au muda:

- Mpira ukidhaniwa umepotea au umetoka nje, upigwe mpira wa akiba kabla ya kuondoka, na itamkwe wazi kuwa ni wa akiba. Hiyo inaokoa safari ya kurudi, na hasira inayokuja nayo.
- Muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 tangu sheria mpya za mwaka 2019. Zamani zilikuwa 5, na wazee wengine bado wanasema hivyo.
- Mpira ulionasa kwenye miamba au mizizi si lazima upigwe. Kwa adhabu ya mkwaju 1 unaweza kuangushwa ndani ya urefu wa fimbo mbili, usisogezwe karibu na shimo. Mkwaju 1 wa adhabu ni nafuu kuliko 4 ya ukaidi na fimbo iliyopinda.

Lengo la kila pigo refu liwe katikati ya grini, si bendera. Bendera mara nyingi huwekwa karibu na hatari. Na baada ya pigo baya, pigo linalofuata liwe la kurudi njiani, hata kwa mita 30 za kando.

Ratiba inayowezekana

Mwanafunzi wa Unguja ana skuli asubuhi na chuo jioni. Ratiba inayodai saa tatu kila siku imeshindwa kabla haijaanza. Hii inatosha:

- siku nne za wiki, dakika 20 za misukumo nyumbani, kabla ya Magharibi au baada ya Isha;
- siku moja ya mapumziko ya chuo, dakika 45 za ungo na upepo;
- mwisho wa wiki, maji yakiruhusu, saa moja pwani;
- uwanjani mara moja au mbili kwa mwezi, kwa kadiri ya mfuko.

Mwezi wa Ramadhani mapigo ya pwani yasimame, yabaki ya mkeka baada ya tarawehe. Jua la mchana bila maji si la kuchezewa. Miezi mingine kofia na chupa ya maji ziwe sehemu ya vifaa. Wakati wa masika, mvua ikishika, kazi yote ni ya ndani, na wengi husonga mbele miezi hiyo kuliko mingine kwa sababu hawana draiva ya kuwashawishi.

Makosa yanayorudiwa

- Kubadili mtindo wa kupiga kila wiki kwa kufuata video. Mtindo mmoja usio mzuri sana, uliozoeleka, hupata hesabu ndogo kuliko mitano mizuri iliyochanganywa.
- Kupiga mipira 100 bila lengo wala hesabu. Mipira 30 iliyoandikwa inazidi hiyo.
- Kuendelea mikono ikiwa imechoka. Mwili hujifunza kosa kama unavyojifunza usahihi.
- Kufanyia mazoezi kinachopendeza. Kidaftari ndicho kichague.
- Mzazi kupiga kelele za maelekezo katikati ya pigo. Maelekezo mawili kwa siku, na yatolewe kabla.

Wenye shaka

Wapo wanaosema bila mwalimu haiwezekani. Mwalimu ni bora, na mwenye uwezo wa kupata masomo machache aanze na namna ya kushika fimbo na kusimama, kwa kuwa hayo mawili yakiharibika mwanzoni hugharimu miaka. Lakini ipo njia nyingine yenye historia ndefu Afrika Mashariki: ukedi. Dismas Indiza wa Mumias, Kenya, mmoja wa wachezaji wa kulipwa mashuhuri wa ukanda huu, alianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Anayetembea mashimo 9 nyuma ya mchezaji mzuri, akiangalia ni fimbo gani inachaguliwa na kwa nini, amepata somo ambalo halipatikani kwenye video.

Wapo wanaodhani ni mchezo wa wanaume. Madina Iddi wa Arusha, mchezaji wa ridhaa, ameshinda mashindano ya wanawake ndani na nje ya Tanzania. Msichana wa Unguja anayetaka kucheza avae mavazi anayoridhika nayo kwa stara yake, mradi mabega yazunguke bila kubanwa na viatu visiteleze. Mapigo ya karibu na grini hayaulizi nguvu, na huko ndiko mikwaju iliko.

Wapo wanaouliza kama hendikapu, namba inayopima kiwango cha mchezaji, inapatikana kwa kucheza mashimo 9 tu. Inapatikana. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unataka kadi zenye jumla ya mashimo 54 kwa hendikapu ya kwanza, yaani mizunguko 6 ya mashimo 9, iliyothibitishwa kupitia klabu inayotambuliwa na chama cha nchi. Kiwango cha juu ni 54.0, kwa hiyo anayeanza hana cha kuogopa. Baadaye hesabu huchukua kadi 8 bora kati ya 20 za mwisho; siku moja mbaya haiharibu kitu.

Kipimo cha mwezi

Ijumaa au Jumapili ya mwisho ya mwezi, kijana ajipime kwa mapigo 40, kila lililofaulu likiwa pointi moja: misukumo 10 ya mita moja, 10 ya mita mbili, mipira 10 kwenye ungo, na alama 10 za mchangani zilizoanzia kwenye mstari au mbele yake. Anayeanza na 14 akafika 22 baada ya miezi miwili ameshashusha hesabu yake, hata kama kadi ya uwanjani haijaonyesha bado. Kwanza hupungua misukumo, mara nyingi ndani ya wiki sita. Kisha hupungua mapigo ya mita 50 za mwisho. Mapigo marefu huchelewa zaidi, na yaachwe yachelewe.

Limebaki la vifaa, ambalo ndilo kizuizi cha kweli kisiwani. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini haidai idadi yoyote ya chini. Namba 7, namba 9, weji na ya kusukumia zinafanya kila zoezi lililoelezwa hapa. Wachezaji wa Dar es Salaam, Arusha na Mombasa hubadilisha fimbo, na za zamani hukaa stoo zikishika kutu. Mwenye seti hiyo aitoe. Namba 7 moja, ikikatwa mpini kwa urefu wa mtoto na kufungwa vizuri mshikio, inatosha kumwanzisha mtoto mmoja wa Mangapwani au Ng'ambo wiki hii.